Uzi maalumu: umeandikiwa ivermektini ya minyoo na kila famasi wanasema hawana? Pitia hapa kwanza

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni kwa ajili ya yeyote aliyeandikiwa ivermektini kwa sababu ya minyoo ya tumboni, kazunguka famasi zote anazozijua na kila anapoingia anajibiwa hatuna, ila tuna albendazoli, chukua hiyo nayo ni dawa ya minyoo. Usiichukue kwanza. Uzi ni mrefu lakini nimejitahidi kuweka kila nilichojifunza kipindi tunahangaika na dawa ya bi mkubwa wangu, na naamini kuna mtu hapa ana mzazi au mtoto kwenye hali hiyohiyo muda huu.

Iko hivi. Mama ana baridi yabisi, ile ya viungo kuvimba na vidole kugoma kukunja asubuhi. Daktari alitaka kumwanzishia prednisoloni, ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kabla hajaandika chochote akaanza kumuuliza maswali ambayo sisi tuliokaa pembeni tuliona hayahusiani na viungo hata kidogo, utotoni ulikuwa unatembea peku, umewahi kulima, unawashwa makalioni au mapajani, kuna mstari mwekundu huwa unatokea kwenye ngozi halafu unasogea, unakohoa bila mafua? Mama akajibu ndiyo karibu yote. Wakapima damu, zile chembe nyeupe zinaitwa eosinofili zikakutwa zimepanda, wakapima na kingamwili za mnyoo anaitwa Strongyloides stercoralis, majibu yakarudi anaye. Daktari akasema steroidi hazianzi mpaka huyu mnyoo ashughulikiwe, akaandika ivermektini.

Naomba niwe muwazi kwanini alikomaa hivyo, maana ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Huyu mnyoo mtu mwenye kinga nzuri anaweza kuishi naye miaka na miaka bila kuumwa cha maana, kinga inamdhibiti. Ukimpa mtu huyo steroidi, iwe prednisoloni ya viungo, deksamethasoni ya hospitali au ya pumu, kinga inashuka na mnyoo anazaliana bila breki. Lava, yaani vitoto vya mnyoo, wanatoka kwenye utumbo wanaingia kwenye mapafu, kwenye ini, mpaka kwenye ubongo, na wanapotoboa utumbo wanabeba bakteria wa humo wanawaingiza kwenye damu. Wanaofikia hatua hiyo wengi hufariki hata wakiwa wodini. Na kinachoniuma ni kwamba lava wakipita mapafuni mtu anakohoa na kubanwa kifua, anaonekana ana pumu, anapewa steroidi za pumu. Yaani ugonjwa wenyewe unaita ile dawa inayoweza kummaliza.

Sasa tukaanza kutafuta. Famasi ya kwanza hawana, ya pili hawana, moja wakatuuliza tunaitakia nini kwa sauti ambayo mama aliona aibu akatoka nje, nyingine wakatupa albendazoli vidonge viwili wakasema ni ileile tu jina tofauti. Sio ileile. Dada mmoja wa kaunta ndiye aliyetuambia ukweli, kwamba wao hawajawahi kuiagiza kwasababu haitoki, inakaa mpaka inaisha muda. Kauli ile ilinifungua macho, nikaacha kuuliza "nani anayo" nikaanza kuuliza "nani anaitumia kila siku".

Hapa ndipo kuna madini, shikeni.

Ivermektini hiyohiyo ya vidonge inatumika kwa upele, ule wa kuambukiza unaosababishwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Kwahiyo famasi zilizo karibu na kliniki za ngozi, au zinazohudumia madaktari wa ngozi, zina uwezekano mkubwa wa kuwa nayo kuliko famasi ya mtaani inayouza dawa za mafua. Sisi dawa ilipatikana kwa njia hiyo, wala sio kwenye famasi kubwa yenye mataa. Sehemu nyingine ni famasi ya hospitali yenye kitengo cha magonjwa ya kuambukiza au magonjwa ya tropiki, na kliniki za wasafiri. Hawa wanamjua mnyoo kwa jina na hawashangai ukiwatajia.

Pili, piga simu kabla ya kutembea, na ukipiga taja mambo matatu kwa mpigo: jina halisi la dawa sio jina la kampuni, nguvu ya kidonge, na idadi ya vidonge. Ukisema "mna dawa ya minyoo kali?" utajibiwa ndiyo na utapewa kitu kingine. Mwombe daktari aandike hivyohivyo kwenye cheti, jina halisi, ili mfamasia awe huru kutoa ya kampuni yoyote iliyosajiliwa. Daktari akiandika jina moja la biashara unaweza kutembea mwezi mzima wakati dawa yenyewe ipo kwenye kabati kwa jina jingine.

Tatu, mwombe mfamasia aulize kwa msambazaji wake wa jumla ukiwa hapohapo. Famasi kutokuwa na dawa kwenye rafu haina maana kwamba dawa haipo, maana ya kawaida ni kwamba hakuna mteja aliyeiomba. Mwachie namba ya simu na kopi ya cheti, mwambie ni mgonjwa anayesubiri kuanza matibabu mengine. Mfamasia akijua kuna mtu kweli na cheti kipo, anaagiza.

Nne, wakati unasubiri, rudi kwa daktari umwambie dawa haijapatikana. Watu wengi wananyamaza wakidhani ni shida yao binafsi. Sisi tuliporudi daktari mwenyewe alishika simu akampigia mwenzake wa kitengo cha ngozi, ndani ya mazungumzo mafupi tukaelekezwa pa kwenda.

Dozi sitaandika ya mama, ila mjue inapigwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, ndio maana lazima mgonjwa apimwe uzito. Mtu wa kilo 60 anaangukia miligramu 12, ambayo kwa vidonge vya miligramu 3 ni vidonge vinne. Kuna madaktari wanatoa siku moja na wengine siku mbili mfululizo, na mwenye kinga ya chini anapewa zaidi kwa usimamizi. Msijipangie.

Karibuni, wenye ujuzi ongezeni.

#2

Asante mkuu kwa uzi. Ila naomba kujuzwa, mimi na familia yangu huwa tunameza albendazoli kila baada ya miezi kadhaa, kidonge kimoja kila mtu basi. Ina maana huyu mnyoo anabaki tu humo ndani?

#3 (mleta uzi)

Ndiyo mkuu, anaweza kubaki, na hilo lilinishangaza hata mimi. Kile kidonge kimoja cha miligramu 400 ni kizuri kwa minyoo mviringo mikubwa, na kwa safura pia kinafanya kazi nzuri. Kwa Strongyloides dozi moja haifui dafu. Albendazoli inaweza kutumika kama ivermektini imekosekana kabisa, lakini hapo inakuwa miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku saba, na bado inaponyesha watu wachache kuliko ivermektini. Kwahiyo mtu wa kaunta akikupa kidonge kimoja au viwili akakwambia umemaliza, hajakutibu.

Kitu kingine, huyu hafanani na minyoo wengine. Minyoo mviringo anaishi mwaka mmoja au miwili hivi anakufa, usipomeza mayai mapya umepona. Huyu wa kwetu jike anaishi kwenye ukuta wa utumbo mdogo, anataga bila dume, mayai yanaanguliwa humohumo ndani, na baadhi ya lava wanakomaa kabla hawajatoka wanatoboa utumbo au ngozi ya njia ya haja kubwa na kuanza mzunguko upya ndani ya mtu yuleyule. Ndio maana mtu aliyehama udongo ule uliomwambukiza akitembea peku miaka mingi iliyopita bado anaye. Kuna wanajeshi waliokuwa mateka wa Wajapani kwenye Vita ya Pili ya Dunia, wale waliojengeshwa reli ya Burma na Siam, walikutwa bado wana huyu mnyoo miongo kadhaa baada ya kurudi kwao ambako udongo wa baridi haumruhusu kabisa. Ukiona mtu anasema "mimi siku hizi navaa viatu, sina minyoo", mkumbushe hilo.

#4

Mimi ni mfamasia, niruhusuni niongeze upande wa nyuma ya kaunta maana mleta uzi kagusa vizuri.

Dawa nyingi za minyoo zinazotumika duniani hazipiti kabisa kwenye maduka. Zinatolewa na makampuni kama msaada na kugawiwa kwenye mashule na vijijini. Ivermektini yenyewe kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987 kwa ajili ya upofu wa mtoni, praziquanteli ya kichocho inatolewa na Merck ya Ujerumani ambayo ni kampuni tofauti kabisa na hiyo ya kwanza, albendazoli kampuni ya GSK, na mebendazoli imetolewa na Johnson & Johnson. Ni jambo jema sana limeokoa watu wengi mno. Ila kwa mgonjwa mmojammoja anayekuja na cheti, inatokea kitu cha ajabu, mamilioni ya vidonge vinapita kwenye maboksi ya mpango huo wa msaada na famasi iliyo karibu haina hata kimoja, na dawa ya mpango mfamasia haruhusiwi kuiuza. Soko la rejareja linabaki dogo, watengenezaji wanaoona faida wachache, na kwenye baadhi ya nchi hakuna hata aliyejisumbua kuisajili.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 na 2021 watu waliikimbilia ivermektini kwa imani kwamba inatibu, majaribio makubwa yaliyofanyika vizuri hayakuonyesha hivyo, lakini vidonge vilikombwa na wagonjwa wa kweli wa minyoo na upele wakakosa. Tangu hapo wafamasia wengi wakisikia hilo jina wanaweka ulinzi. Ndio lile swali mama aliloulizwa. Ningeomba msilichukulie kama tusi, ukijibu tu kwamba ni ya Strongyloides na cheti ni hiki hapa, mazungumzo yanabadilika papo hapo. Mwombe daktari aandike na jina la ugonjwa kwenye cheti, linasaidia kuliko mnavyodhani.

Kama nchi uliyopo dawa haijasajiliwa, usikate tamaa. Nchi nyingi mamlaka ya dawa ina utaratibu wa kibali maalumu, daktari anajaza fomu kwa ajili ya mgonjwa mmoja anayejulikana kwa jina, sababu ya kitabibu inaelezwa, na mwagizaji mwenye leseni anaileta. Kanada na Australia wana mipango ya namna hiyo, Uingereza nako dawa zisizo na leseni huagizwa kupitia waagizaji maalumu. Inachukua muda kwahiyo fomu ijazwe mapema, sio baada ya kuzunguka mji mzima. Pia kuna famasi zinazotengeneza dawa kwa oda ya daktari, zinaweza kuandaa ivermektini ya vidonge au ya maji kwa mtu asiyeweza kumeza. Hizi hakikisheni zina leseni ya kazi hiyo.

#5

Jamani mbona mnajitesa, duka la dawa za mifugo ivermektini imejaa, ya sindano, ya kupaka na ya kulisha farasi. Ni kitu kilekile. Jamaa yangu alikunywa na yupo mzima.

#6

Mkuu namba tano nakuheshimu lakini hapa naomba tusikilizane, mimi ni nesi na hii nimeiona wodini. Kiambato ndiyo ni kilekile. Ile tyubu ya farasi imepimwa kwa mnyama wa zaidi ya kilo mia tano, ndani yake kuna zaidi ya miligramu mia moja, na mtu wa kilo 60 anahitaji 12. Unakadiria kwa kidole? Ile ya kumwagia ng'ombe mgongoni ina vimumunyisho vya kupitisha dawa kwenye ngozi ya ng'ombe, havijapimwa usalama kwa tumbo la mtu. Ya sindano ndio kabisa. Ivermektini ikizidi inaingia kwenye mfumo wa fahamu, mtu anayumba, anachanganyikiwa, macho hayaoni vizuri, anapata degedege, wengine wanapoteza fahamu. Hiyo dawa inamuua mnyoo kwa kupooza mishipa yake ya fahamu, na sisi tunasalimika kwasababu kwa dozi sahihi ubongo wetu una kizuizi kinachoizuia kuingia. Ukizidisha unakipita kile kizuizi.

Na huyo jamaa yako alikuwa na mnyoo gani? Alipimwa baada ya hapo? Kuwa mzima sio kupona.

Kwa wote, hata hii ya binadamu kuna watu wa kuwa nao makini. Wajawazito wasipewe mpaka daktari aamue, watoto walio chini ya kilo 15 kwa kawaida hawapewi, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla kwasababu kuna taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi.

#7

Nesi asante. Nina swali, mimi nilifanya kazi miaka ya nyuma Afrika ya Kati kule msituni, na kuna wakati niliwahi kuona kitu kama uzi kinapita kwenye jicho, kikaondoka chenyewe. Sasa nimekutwa na huyu Strongyloides. Nimepata vidonge, nimeze?

#8

Nesi hapa. USIMEZE BADO. Samahani kwa herufi kubwa ila nataka uione. Hiyo uliyoeleza inafanana sana na Loa loa, mnyoo wa jicho wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Mtu mwenye vitoto vya Loa loa vingi sana kwenye damu akipewa ivermektini, vinakufa kwa pamoja na anaweza kupata madhara ya ubongo, kukosa fahamu na hata kufariki. Rudi kwa aliyekuandikia umwambie maneno hayohayo uliyoandika hapa, utachukuliwa damu mchana, maana vitoto vya mnyoo huyo vinazunguka kwenye damu mchana, vitahesabiwa kwanza. Vikiwa vichache au hakuna, matibabu yanaendelea kwa utaratibu. Weka vidonge vyako salama, havitaharibika kwa kusubiri majibu. Tafadhali turudishie mrejesho.

#9

Nafatilia kwa karibu. Kwangu ni tegu. Vipande vyeupe bapa vinatoka kwenye choo, vinajisogeza vyenyewe, inakera na inatia kinyaa siwezi hata kuwaambia watu wa nyumbani. Nimeandikiwa praziquanteli na sipati, ivermektini naona ndio mnaijadili, inafaa?

#10

Mfamasia tena. Pole sana, na wala usione aibu, vipande hivyo ni kitambulisho kizuri mno, kama unaweza chukua kimoja kwenye kichupa chenye maji safi ya chumvi upeleke maabara, watakwambia ni tegu wa ng'ombe au wa nguruwe, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Ivermektini kwa tegu haifai. Dawa yako ni praziquanteli, kwa tegu wa utumbo ni dozi moja ya miligramu 5 mpaka 10 kwa kilo, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya kichocho ya 40 kwa kilo. Vidonge vyake vingi ni vya miligramu 600 na vina mikato, kwahiyo kwa mtu mzima unaweza kukuta unahitaji kidonge kimoja au pungufu. Hapo ndipo kwenye ugumu wa kuipata, msambazaji anauza kwa kopo kubwa na famasi haitaki kufungua kopo kwa kidonge kimoja. Ulizia hospitali au kituo kinachotibu kichocho, wao wanafungua makopo hayo kila siku. Kuna niklosamidi pia, gramu 2 mara moja, inatafunwa vizuri kisha maji, hii haifyonzwi sana mwilini inamuua tegu hukohuko kwenye utumbo, ila nchi kadhaa haiuzwi tena na Marekani ni mojawapo.

Sasa jambo la kumwambia daktari kabla hujameza. Kama umewahi kupata degedege, kifafa kilichoanza ukubwani, kichwa kikali kisichoeleweka, au una vinundu vigumu chini ya ngozi, sema. Tegu wa nguruwe mayai yake yanaweza kuwa yameweka vifuko kwenye ubongo au jicho, na praziquanteli ikivipiga kunatokea uvimbe mahali pabaya. Hapo matibabu yanafanyika hospitali na mpango wake ni tofauti. Na kama unatumia rifampisini ya kifua kikuu, praziquanteli haitafanya kazi kwasababu inavunjwavunjwa haraka kabla haijafika popote, hizo mbili haziendi pamoja.

#11

Naombeni ushauri kuhusu mitandaoni. Kuna kurasa zinauza ivermektini bila cheti, wanatuma mpaka mlangoni, picha za boksi zinaonekana safi kabisa. Mzee wangu yupo mbali na hospitali kubwa na miguu haimruhusu kuzunguka.

#12 (mleta uzi)

Nakuelewa mkuu, na sisi tulifika hapo tukawa karibu kulipa. WHO walitoa tathmini mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni feki au chini ya kiwango. Sasa dawa adimu inayotafutwa na watu waliokata tamaa ndio mahali pa matapeli kujaa. Hatari ya feki hapa haiishii kwenye hela kupotea. Mzee anameza chaki, mnahesabu katibiwa, daktari anaruhusu steroidi, halafu mnyoo yupo.

Duka la mtandaoni lenye leseni ya famasi na linalodai cheti sina tatizo nalo, hilo linasaidia sana watu kama mzee wako. Mamlaka ya dawa ya nchi husika huwa na orodha ya famasi zilizosajiliwa, angalia jina lao lipo. Linalokuambia cheti hakihitajiki, liache. Dawa ikifika angalia namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda kwenye boksi zifanane na zile za kwenye karatasi ya vidonge yenyewe, angalia jina la mtengenezaji, na kama vidonge vimekuja kwenye kimfuko bila chochote rudisha.

Kwa mzee asiyeweza kutembea, cheti sio lazima akipeleke yeye. Wewe nenda nacho, ila hakikisha kapimwa uzito karibuni, hata kwa mizani ya kituo kidogo, ili mfamasia asitoe kwa kukisia.

#13

Mimi ni yule wa kumeza albendazoli, namba mbili. Nimepima choo leo, wamesema hakuna minyoo. Nimepona basi?

#14

Nesi hapa. Kipimo kimoja cha choo cha kawaida kinawakosa wengi wenye Strongyloides, kwasababu mnyoo huyu anatoa lava wachache na sio kila siku, na kwenye choo cha mgonjwa wake hayaonekani mayai kama ya minyoo wengine. Kama una sababu ya kuhofia, eosinofili ziko juu, unawashwa, au unakaribia kuanzishiwa steroidi, dawa za saratani au dawa za kushusha kinga, omba kipimo cha damu cha kingamwili, au choo kipimwe kwa njia ya Baermann ambapo choo kinawekwa juu ya maji ya uvuguvugu, lava wanashuka wenyewe kwenye maji wanaonekana. Choo kiwe kibichi, kisikae kwenye friji. Na eosinofili kuwa kawaida sio kinga, mtu ambaye tayari anatumia steroidi zinaweza kuwa chini na mnyoo yupo tele.

Kama huna dalili na hakuna dawa hizo mbele yako, tulia, mweleze daktari historia yako ya udongo kwenye miadi inayofuata.

Niongeze moja kwa wenye haraka. Kama mgonjwa lazima aanze steroidi leo kwa dharura na majibu ya kipimo hayajarudi, katokea maeneo ambayo mnyoo huyu yupo, madaktari wengi wanampa ivermektini bila kusubiri majibu. Mnaweza kuuliza hilo kwa heshima, "daktari, je, apewe ya minyoo kwanza?" Swali hilo halimkosei mtu adabu.

#15

Namba saba nimerudi. Damu imechukuliwa mchana kama nesi alivyosema, vitoto vya Loa vimeonekana lakini ni vichache, nimehamishiwa kwa daktari wa magonjwa ya tropiki ndiye anayepanga ipi ianze. Vidonge vipo kabatini bado. Nesi, Mungu akubariki sana.

#16

Mleta uzi, mama anaendeleaje? Na baada ya kumeza mlijuaje kwamba imefanya kazi?

#17 (mleta uzi)

Anaendelea vizuri mkuu, asante kwa kumkumbuka. Alimeza tumbo likiwa tupu na maji ndivyo alivyoelekezwa, usiku ule akawashwa kidogo na kizunguzungu kidogo, asubuhi akaamka sawa. Kile kikohozi cha miaka yote kimepungua mpaka yeye mwenyewe anakishangaa.

Kuhusu kujua, kingamwili hazishuki kesho yake. Daktari alisema eosinofili zitaangaliwa ndani ya miezi michache, na kipimo cha kingamwili kinarudiwa kati ya miezi 6 na 12, kinachotafutwa ni namba kushuka waziwazi. Isiposhuka anapewa tena. Kwahiyo majibu yake ya mwanzo tumeyatunza pamoja na jina la maabara, maana kurudia kwenye maabara tofauti yenye kipimo tofauti kunafanya namba zisilinganishike. Na sisi watoto wake tuliokulia udongo uleule tumeambiwa tupime wote, mdogo wangu amekutwa anaye na hana dalili hata moja.

Prednisoloni ameshaanza, dozi ndogo, vidole vimeanza kukunja. Yule mfamasia wa karibu na kliniki ya ngozi nilimwomba asiache kuiagiza, akasema sasa ataweka boksi kila wakati. Ukipata sehemu inayoiuza, waombe hivyo na wewe, wakijua kuna wanaoihitaji wataendelea kuileta. Anayetafuta muda huu aweke hapa nguvu ya kidonge na idadi aliyoandikiwa, bila jina la mgonjwa, tumsaidie aina ya famasi za kuanza nazo.